Mkalimani wa Kirinyaga Road

Visual Basic 6 ikitajwa mbele ya madevelopa wa siku hizi, wanacheka. Microsoft iliitoa 1998, na kufikia Aprili 2008 ilikuwa imeacha kukihudumia chombo chake cha kuandikia programu. Mimi nilikaa chuoni miaka miwili kabla karo haijanishinda, na huko sikuwahi kuifungua hata siku moja. Nimeijulia mtaani, kwenye duka la vipuri vya magari, Kirinyaga Road, Nairobi.

Mwenye duka, mzee wa miaka sabini hivi, anategemea programu aliyoandikiwa na mpwa wake. Mpwa alishafariki. Stoo, mauzo, madeni ya mafundi wa gereji, yote yako humo. Shida ni kwamba data ilikaa kwenye faili moja la Access, likitumiwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Stima ikipotea katikati ya mauzo faili linaharibika, na siku nzima inaishia kutafuta nani anadaiwa nini. Wawili walishamshauri anunue mfumo mpya. Mimi aliniambia, "Kijana wangu, hii usiitupe. Nitafutie njia."

Njia ipo. Data inahamia kwenye seva ya MySQL, kompyuta iliyoko nyuma ya duka ikiwa na UPS yake, na programu inabaki vile vile machoni pa wanaoitumia. Katikati anakaa mkalimani, yaani draiva ya ODBC. Visual Basic haijui MySQL ni nini, na haina haja ya kujua. Inamwambia mkalimani, mkalimani anaenda kuuliza.

Ila si kila mkalimani atafaa. Visual Basic 6 ni ya biti 32, kwa hivyo hata Windows ikiwa ya biti 64, draiva inayotakiwa ni ya biti 32. Na hapa Windows ina vituko bana: chombo cha kupangia draiva za biti 32 kiko kwenye folda iitwayo SysWOW64, cha biti 64 kiko System32, na vyote viwili jina ni odbcad32. Ukifungua kisicho chako, utaapa draiva haikuingia. Tena MySQL 8, iliyotoka 2018, ilibadilisha jinsi ya kuhakiki nywila. Draiva ya kitambo inafungiwa mlangoni.

Baada ya hapo ni kusoma kodi mstari kwa mstari, maana Access huzungushia tarehe alama ya reli, na MySQL inataka alama za kunukuu. Ndimo nilimokutana na mpwa. Aliacha maelezo kwa Kiswahili kando ya kodi: hapa deni limezidi, muulize anko kwanza. Pengine: huyu fundi mpe tu, atalipa. Nikamsomea mzee. Akanyamaza, kisha akauliza kama hayo maneno yatabaki.

Yamebaki. Kompyuta huyaruka, ni yetu sisi watu.

Kaunta zote mbili sasa zinauza bila kugombania faili. Wenzangu bado huniuliza, si ungemjengea mpya tu? Mpya ingejua bei za vipuri. Nani wa kukopeshwa hata akiwa na deni, hilo ingelijulia wapi?