Shokamzoba Ngumu Iliyomtesa Mama

Marehemu baba alituachia Peugeot 504, gari la aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Shokamzoba za nyuma zilipoanza kuvuja, nilinunua za pikapu kwa bei nafuu, nikidhani ngumu ndiyo imara.

Siku niliyomtoa mama hospitalini mjini Kakamega, mshono wa tumbo ungali mbichi, gari liliruka katika kila shimo la Shirere. "Mwanangu, nishushe nitembee," alisema. Niliona haya.

Fundi alinieleza kosa langu. Springi ndiyo hubeba uzito wa gari. Kazi ya shokamzoba ni kutuliza mruko wa springi. Ikiwa fupi, huvutika hadi mwisho kabla springi haijanyooka. Ikiwa ndefu, hugota springi inapobanwa. Tena 504 ya saluni na ya steshenwagoni hutofautiana springi za nyuma, basi usidanganywe na jina.

Kwa hivyo msomaji, pima urefu wa ile ya awali ikiwa imebanwa na ikiwa imevutwa. Badilisha zote mbili kwa mpigo, na bushi zake pia.

Jumapili iliyofuata mama alipanda tena. Alisinzia njiani.