Jina Lisipande Mlangoni Kabla ya Hansard Kusomwa

Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimekuwa mwandishi wa vikao vya halmashauri. Mimi ndiye ninayepanga makabrasha, ninayeketi pembeni ya Mkurugenzi Baraza la Madiwani linapokaa, na ninayeandaa muhtasari unaothibitishwa kikao kinachofuata. Majina ya kumbi na vyumba vya ofisi zetu yamepita mikononi mwangu, na ninalo jambo moja la kuwaambia wenzangu kuhusu yale ya wabunge wastaafu: jina lisipande mlangoni kabla Hansard haijasomwa mezani.

Mara nyingi jina huja kwenye Mengineyo. Ajenda zimekwisha, watu wanatazama saa, mjumbe mmoja anasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mzee wetu ametutumikia miaka mingi, naomba ukumbi huu uitwe kwa jina lake." Makofi yanapigwa na kikao kinafungwa. Wiki mbili baadaye fundi amekwishapaka rangi, nami nikitafuta cha kuandika kwenye muhtasari naambulia makofi tu. Hakuna aliyesema mzee huyo alifanya nini, wala aliyeuliza kama mwenyewe ameridhika.

Katika halmashauri moja niliyopita, jina lililopatikana hivyo lilikaa hadi uchaguzi uliofuata. Madiwani wapya waliuliza liko kwenye azimio gani. Azimio halikuwepo. Wakati wa kupaka rangi upya kibao kiliondolewa na hakikurudishwa, na familia ya yule mzee ilikuja ofisini kuuliza wamekosa nini. Hawakuwa wamekosa kitu, na mzee wao alikuwa na kazi ya kutosha kulilinda jina lake. Kilichokosekana ni karatasi ya kuisema kazi hiyo.

Na karatasi ipo. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa, na kwa sehemu kubwa liko kwa Kiswahili. Ukifungua Hansard, yaani Majadiliano ya Bunge, unakuta mkutano, kikao, tarehe, kisha swali la msingi: jina la mbunge kwa herufi kubwa na neno "aliuliza" likifuatiwa na nukta mbili na kistari. Chini yake, Naibu Waziri "alijibu". Kisha maswali ya nyongeza, na hapo ndipo mbunge hujulikana, kwa sababu swali la msingi linaweza kuandaliwa na msaidizi, lakini la nyongeza hulisimamia mwenyewe papo hapo, akiwa amesikia jibu asiloridhika nalo. Mimi husoma ya nyongeza kwanza.

Wanaotilia shaka desturi ya kuwapa watu walio hai heshima hii, mimi huwaelekeza Dodoma. Ndani ya viwanja vya Bunge upo Ukumbi wa Pius Msekwa. Mzee Msekwa, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1935, alikuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960, akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1970, kisha Naibu Spika, na Spika kuanzia 1994 hadi 2005. Maana yake ndiye aliyekalia kiti Bunge la kwanza la vyama vingi lilipoanza baada ya uchaguzi wa 1995, na kanuni zilizozoea chama kimoja zikalazimika kubeba kambi ya upinzani. Mwaka 2000 alichapisha kitabu kuhusu Bunge hilo, kwa hiyo anayetaka kujua jina hilo limebeba nini ana pa kusoma. Katika ukumbi huo hufanyika vikao na semina, kazi za watu wa mezani kama alivyokuwa yeye kijana. Jina na kazi ya mahali vimekutana, na alipewa akiwa hai, aone mwenyewe.

Kinyume chake ni Karimjee, Dar es Salaam, ambako Bunge lilikaa kwa miaka mingi. Wengi hudhani ukumbi ule ulipewa jina la Spika Abdulkarim Karimjee, aliyeliongoza Baraza la Kutunga Sheria tangu 1956 na kisha Bunge la Tanganyika huru hadi 1962. Ulitolewa na familia ya Karimjee, na jina ni la familia. Spika mwenyewe, Mhindi aliyeongoza kikao cha kutunga sheria wakati taifa linapata uhuru, ameyeyuka ndani ya jina la ukoo wake. Hilo huniuma kila ninapopita pale, kwa sababu maelezo mafupi ukutani yangetosha.

Shauri lililonipa imani na utaratibu huu ni la hapa nilipo sasa. Mama mmoja aliyekuwa mbunge wa viti maalum alistaafu, na wajumbe wakataka apewe chumba katika jengo la halmashauri. Kwa kuwa mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, wengi walikuwa wamekaa naye kikao kimoja. Wazo la kwanza lilikuwa ukumbi mkubwa. Diwani mmoja, mtu makini ninayemheshimu, alipinga: viti maalum hawana jimbo, tutasema alimletea nani nini? Lilikuwa swali la haki. Niliomba shauri liondolewe kwenye Mengineyo lirudi Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango likiwa na kabrasha lake.

Nilipekua mikutano ya Bunge ya vipindi vyake vyote. Mama huyu alichangia mambo mengi, kama wenzake, na mengi yalikuwa ya kawaida. Lakini jambo moja lilijirudia mwaka hadi mwaka: fedha ambazo halmashauri zilitakiwa kutenga kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake na vijana. Wakati ule ulikuwa mwongozo tu. Halmashauri ikitoa, sawa. Isipotoa, inaandikiwa barua. Naibu Waziri alijibu kwamba Serikali itaendelea kuzihimiza. Swali lake la nyongeza lilikuwa fupi: kuhimiza kutaendelea hadi lini, na mkurugenzi asiyetoa anavunja sheria gani? Alipata jibu refu lisilotaja sheria. Mkutano mwingine akauliza tena. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, asilimia 10 ikawa lazima: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, bila riba.

Nilitoa nakala za kurasa hizo, nikazipanga kwa tarehe, nikazitia kwenye kabrasha. Wajumbe walizisoma pale pale, wengine kwa sauti. Yule diwani aliyepinga alirudia swali la nyongeza mara mbili, kisha akasema ukumbi mkubwa haumfai mama huyu. Akapendekeza chumba kidogo cha mikutano, kile ambacho Maendeleo ya Jamii hufanyia usaili wa vikundi vinavyoomba mikopo. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Niliwaeleza siku hiyo kisa cha Washington, maana kinafanana. Lindy Boggs wa Louisiana aliingia Bunge la Wawakilishi mwaka 1973, baada ya ndege ya mumewe, mbunge Hale Boggs, kupotea Alaska mwaka uliotangulia. Mwaka 1974 kamati yake ilipokuwa ikipitia muswada wa kuzuia ubaguzi katika mikopo, aliongeza kwa mkono wake kwamba mtu asinyimwe mkopo kwa sababu ya jinsia au hali ya ndoa, akatoa nakala, akawagawia wenzake, akisema bila shaka ni jambo lililosahauliwa tu. Likapita. Alipokuwa akielekea kustaafu, mwaka 1990, chumba cha wabunge wanawake katika jengo la Capitol kilipewa jina lake, na hakuna chumba cha jengo hilo kilichokuwa kimepewa jina la mwanamke kabla yake. Kule nako mkopo na mwanamke ndivyo vilivyokuwa mezani.

Kamati ilipopitisha, nilitumwa na Afisa Maendeleo ya Jamii kwenda kwa mama na rasimu ya maandishi ya kibao. Tulikuwa tumeandika kwamba yeye "ndiye aliyeleta mikopo ya asilimia 10". Alivaa miwani, akaomba kalamu, akakata maneno hayo kwa mstari mmoja. "Mwanangu, sheria ilipitishwa na Bunge. Mimi niliuliza. Andikeni niliuliza." Akakata na "Mheshimiwa", akisema ameshastaafu. Kisha akataka kujua vikundi husubiri usaili kwa muda gani, na kama kuna viti. Viti vilikuwa vichache. Azimio la Baraza likabeba na kipengele cha mabenchi, kikatekelezwa kabla ya kibao.

Hii ndiyo faida ya kumheshimu mstaafu angali hai, na kwangu inazidi hofu kwamba huenda akaliharibu jina lake baadaye. Aliye hai anasahihisha. Marehemu tungemwandikia lolote, na watoto wake wangeona haya kutukatalia.

Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilitufundisha kasi. Mitaa mingi ilihitaji majina kwa muda mfupi, na kazi ilifanyika. Lakini kasi ile imebaki mikononi mwetu hata pale ambapo hakuna sensa inayosubiri. Chumba kinaweza kungoja kikao kingine. Mwandishi wa vikao ana haki ya kuliomba hilo, na Mkurugenzi mwenye busara atamsikiliza.

Sasa kurasa zile za Hansard zimo kwenye jalada ndani ya chumba, juu ya meza ya usaili, na akina mama huzisoma wakisubiri zamu yao. Katibu wa kikundi kimoja cha ushonaji aliniomba nakala ya swali la nyongeza, kwa sababu mkopo wao ulikuwa umekwama kwenye uhakiki na alitaka kuuliza kwa namna ile ile. Nilimpa, akauliza, akajibiwa kwa maandishi.

Mhandisi anasema jengo letu litaongezwa, na huenda usaili ukahamia upande mpya. Hilo tulilijadili tangu mwanzo. Azimio halikutaja namba ya chumba. Linasema jina ni la chumba ambamo vikundi vinahojiwa kwa ajili ya mikopo, na vikihamishwa, kibao na jalada vinahama navyo.