Nani Atairithi Nafasi Hii?

Barua ya kwanza ya kumwombea daktari mgeni kibali haikwenda serikalini. Ilikwenda kwa Askofu. Ndivyo nilivyofundishwa kazi mwaka 1996, nilipoajiriwa karani katika hospitali ya misheni mkoani kwetu Singida. Sista mganga mkuu akisema kuna daktari wa upasuaji huko Italia amekubali kuja, mimi nachapa barua kwenda uaskofuni, uaskofuni nao wanaandika barua ya utambulisho, na barua hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ilikuwa bado mpya. Iligawa vibali vya ukaazi katika madaraja matatu: A ya mwekezaji na anayejiajiri, B ya mgeni aliyeajiriwa, C ya waliobaki, wakiwemo wamisionari. Watu wetu karibu wote tuliwaombea C, awe daktari, awe fundi bomba. Walikuja kwa jina la Kanisa, na serikali ilitaka tu kujua kama Kanisa linawafahamu.

Singida imewazoea wageni wa namna hiyo. Makiungu walifika masista matabibu kutoka Ireland tangu miaka ya 1950. Itigi, mapadre wa Damu Azizi kutoka Italia walifungua Hospitali ya Mtakatifu Gaspari mwaka 1989. Iramba walikuwapo Walutheri wa Marekani, walioshika kazi iliyoanzishwa na Wajerumani wa Leipzig baada ya Vita vya Kwanza kuwang'oa Wajerumani wenyewe. Wazee wa Kiomboi wakisimulia habari hizo, unaona kwamba hata enzi za Mwingereza palikuwa na kibali, ila swali lake lilikuwa jingine. Mwingereza hakutaka kujua kama Mnyiramba anaweza kufunga kidonda. Alitaka kujua huyu anayefunga ni raia wa nani.

Faili la mgeni mmoja lilikuwa na fomu ya TIF 1, picha za pasipoti, wasifu, nakala za vyeti, barua ya mwajiri na ile ya Askofu. Nilichapa kwa taipureta, kaboni katikati ya karatasi, na ukikosea nakala zote zinaharibika pamoja. Kisha nalibeba mwenyewe hadi Dar es Salaam. Posta haikuaminika kwa kitu chenye pasipoti ya mtu ndani, na barabara ya kutoka Singida hadi Dodoma siku hizo ilikuwa vumbi tupu, hata bahasha unaifunga kwa nailoni. Nafikia hosteli ya Baraza la Maaskofu, Kurasini. Baadaye Uhamiaji nao walipojenga makao yao Kurasini, tukashukuru, maana nikawa naenda kwa miguu.

Vyeti vya Kiitaliano ndivyo vilivyonitoa jasho. Afisa alinyanyua shahada ya daktari wetu mmoja, yenye muhuri mkubwa na maandishi ya kunakshiwa, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada yangu, hapa pameandikwa nini?" Nikamwambia ni udaktari. Akaniuliza kama nasoma Kiitaliano. Nikamwambia Sista anasoma. Akacheka, akaandika pembeni kwamba tafsiri iletwe, na safari ikaanza upya. Lakini hata siku hiyo hakuniuliza kwa nini nafasi ile asipewe Mtanzania. Aliuliza tu kama huyu ni mtu wa Askofu kweli. Baraza la Madaktari la Tanganyika ndilo lililokuwa kali kuliko Uhamiaji, kwa kuwa bila usajili wake wa muda mgeni hashiki kisu.

Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya huduma za ajira, na Wizara ya Kazi nayo ikapewa neno juu ya kuajiri mgeni. Tukawa na milango miwili isiyojuana. Mwenye bahati alipita mmoja, mwenye nuksi alirudishwa kati ya yote miwili. Sina mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo isipokuwa nauli.

Mabadiliko yenyewe yalikuja na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, iliyoanza kutumika Septemba 2015, wiki chache kabla ya Rais Magufuli kuingia madarakani. Kuanzia hapo kibali cha kazi kikawa cha Kamishna wa Kazi peke yake, na Uhamiaji hawatoi ukaazi wa kufanya kazi mpaka wakione hicho kwanza. Haikupita muda ukaguzi ukaanza nchi nzima, waajiri wakawa wanapekua makabati usiku. Na madaraja yakawa mapya. Wataalamu wa afya, wa mafuta na gesi, pamoja na walimu wa sayansi na hisabati wakawekwa B. Kazi nyingine za kuajiriwa zikawa C. Watu wa dini na huduma za hisani wakapewa D.

Sasa Sista ambaye ni daktari ni B au ni D? Niliuliza swali hilo nikadhani nimeuliza la kijinga, kumbe nililiuliza kwa niaba ya nusu ya hospitali za misheni nchini. Tulikwenda naye ofisini, kijana aliyetupokea akawa mstaarabu kabisa. Akamwambia akiomba B alete mkataba wa ajira unaoonyesha mshahara.

"Sista, wewe unalipwa au unajitolea?"

"Nimeweka nadhiri ya ufukara, mwanangu."

Kijana akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba mshahara wake unaandikwa kwenye vitabu, halafu unakwenda kwenye shirika lake. Akafikiri, akasema basi mkataba uandikwe hivyo hivyo, mshahara uonekane. Sista, aliyekuwa Singida tangu mimi nikiwa shule ya msingi na aliyekuwa anawatania wagonjwa kwa Kinyaturu, akasaini mkataba wake wa kwanza wa ajira akiwa na mvi kichwa kizima. Kibali kikatoka cha miezi 24. Sheria ilisema ukijumlisha na kuhuisha usivuke miaka mitano, na ingawa baadaye ilirekebishwa, ilikuwa wazi kwamba haikumfikiria mtu wa namna yake. Sheria ilimfikiria mtaalamu anayekuja, anafundisha, anaondoka. Wengine wa umri wake waliwahi kuomba uraia wa Tanzania na kuuacha wa kwao, kwa kuwa nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Yeye alisema ana dada mgonjwa Ulaya na pasipoti ile anaihitaji.

Katika sheria hiyo mpya kilichobadilisha kazi yangu ni karatasi moja: mpango wa urithishaji. Mwajiri anaandika jina la mgeni, kazi yake, kisha jina la Mtanzania anayeandaliwa kuishika kazi hiyo, elimu yake, mafunzo atakayopewa, na lini atakabidhiwa. Serikali iliacha kuuliza mgeni huyu ni nani, ikaanza kuuliza nani atamrithi. Niseme wazi kwamba naliona swali hilo kuwa la haki, na lilichelewa. Nilishaona hospitali zilizofunga chumba cha upasuaji kwa sababu mzungu mmoja amekwenda likizo. Lakini swali zuri likiulizwa kwa fomu, linajibiwa kifomu. Nilisikia mahali palipoandikwa dereva kuwa mrithi wa mhandisi.

Kwetu lilijibiwa vingine, na sababu ni Bruda. Alikuwa Mjerumani, fundi wa kila kinachozunguka au kutoa moshi: jenereta, pampu ya kisima, mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji, hata eksirei. Nilipoandika kwenye mpango jina la kijana mmoja Mnyaturu aliyetoka VETA, niliandika kwa sababu ndiye aliyekuwa anamshikia spana. Bruda alipoliona jina hilo kwenye karatasi ya serikali, aliona ameamriwa. Kuanzia Jumatatu akawa anafungua mashine nzima inayofanya kazi, anatandaza vipande kwenye shuka kuukuu, anamwambia kijana airudishe, kisha anakwenda kunywa chai. Asubuhi moja akafanya hivyo na mashine ya kuchemshia vifaa. Daktari wa upasuaji akakuta hakuna mkasi safi hata mmoja. Maneno aliyoyatoa, Bruda aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama mimi nikifa leo, ungemlalamikia nani?" Mchana mashine ikawaka. Kijana aliirudisha mwenyewe, ikabaki skrubu moja ambayo Bruda aliitundika ukutani.

Kibali cha Bruda kilipokwisha hatukuomba kingine. Kijana akashika karakana, na kwa mara ya kwanza niliandika kwenye ripoti kwamba urithishaji umekamilika. Kisha reli ya kisasa ikaja, kipande cha Makutupora hadi Tabora kinachopita Manyoni, na makambi ya ujenzi yakahitaji watu wanaoelewa majenereta. Kijana aliaga kwa adabu zote, alileta hata kuku wawili. Mshahara aliotajiwa sisi tusingeweza kuutamka. Fomu haina safu ya kuandika mrithi akiondoka. Kilichotuokoa ni kwamba siku hizo vijana waliosomea ufundi wa vifaa tiba walikuwa wakitoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, tukampata mmoja kwa tangazo. Nilipoanza kazi, kozi ya namna hiyo nisingejua pa kuiulizia.

Matangazo hayo nayo yanasimulia. Ili umwombee mgeni kibali lazima uonyeshe kwamba umemtafuta Mtanzania ukamkosa. Miaka ya mwanzo nilitangaza nafasi ya daktari kijijini Singida, barua zikawa chache, na mwandishi mmoja akauliza kwanza kama kuna umeme. Baada ya Bugando na Chuo Kikuu cha Dodoma kuanza kutoa madaktari, na ajira za serikali kukwama kwa muda, bahasha zikawa zinajaa droo. Mmoja wa vijana waliotuandikia alikuwa ameomba pia kwenda Kenya. Mtakumbuka: Machi 2017 Kenya iliomba madaktari 500 kutoka kwetu, Magufuli akakubali, madaktari wa Kenya wakakimbilia mahakamani wakisema wao wenyewe hawana kazi, na mpango ukasimamishwa. Aprili Rais akaamuru wote 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe na serikali hapa nyumbani. Kijana yule akawa mmoja wao, tukamkosa. Nilifurahi na kuudhika kwa pamoja. Lakini tangu hapo nisingeweza kumwandikia Kamishna kwamba madaktari wa kawaida hawapatikani. Tuliendelea kuombea mabingwa tu, na hata hao kwa kubembeleza.

Kuna jambo sijawahi kulikubali. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimpa mwenye cheti cha kituo cha uwekezaji nafasi za kuanzia za wageni watano, na ile ya 2022 ikafanya kumi. Kwa hiyo mtu anayekuja kukamua alizeti zetu anaanza na nafasi zake mkononi, na hospitali inayotaka daktari bingwa wa watoto inaanza na kujieleza. Naijua sababu yake, uchumi na mitaji. Bado sijaikubali.

Mengine yalirahisika. Serikali ilipohamia Dodoma, nikawa naondoka Singida alfajiri na kurudi jioni, kwenye lami. Kuanzia 2021 maombi ya kibali cha kazi yakawa ya mtandaoni, ada kwa kontro namba, na kazi yangu kubwa ikawa kuskani vyeti kabla umeme haujakatika. Nilistaafu nikiwa nimewabakiza wageni wachache sana kwenye kabati, na Sista akiwa amesharudi kwao.

Kustaafu hakujanipumzisha na karatasi. Juzijuzi binti wa dada yangu, muuguzi katika hospitali moja ya serikali, alikuja na simu yake. "Mama mdogo, nisomee hii." Kuna mwajiri Uingereza aliyekuwa tayari kumdhamini. Kule mwajiri anaomba leseni kwanza kwa serikali yake. Akishaipata, anatoa hati ya udhamini yenye namba kwa kila mfanyakazi anayemtaka kutoka nje, na hiyo namba ndiyo mtu anayoombea viza. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, ambazo nchi tajiri hazitakiwi kwenda kuwavuna wahudumu wake. Uingereza inasema inaifuata, ila muuguzi akiomba mwenyewe moja kwa moja hazuiwi. Yeye aliomba mwenyewe.

Nilisoma mpaka mwisho. Wameuliza mshahara, usajili wa uuguzi wa kwao, mtihani wa Kiingereza, vipimo vya kifua kikuu. Nilikuwa natafuta, kwa mazoea tu, mahali pa kuandika nani atairithi nafasi anayoiacha.

"Zamu ya usiku wodini kwenu mko wangapi?" nikamuuliza.

"Wawili, mama mdogo."

"Na ukiondoka?"

"Mmoja. Mpaka kibali cha ajira kitoke Utumishi."

Tukafungua orodha ya waajiri wenye leseni, ambayo Uingereza huiweka wazi kwa kila mtu, tukalitafuta jina la huyo wa kwake. Lilikuwapo. Nikamwambia kesho alete vyeti vyote, halisi na nakala, na asisahau cha kuzaliwa.