Mtoto mpole

Wiki hii nina jambo la kuungama.

Nina diploma ya pedagojia, na nafundisha watoto wadogo tangu miaka 11. Lakini binti yangu wa tatu alipofika miezi 5, majirani wa lupango letu hapa Kikula walimsifu: «Mtoto wako ni mpole sana, hata halii.» Nilifurahi. Jioni nilirudi kutoka masomo nimechoka, nikamnyonyesha, nikamlaza, nikasahihisha madaftari, kisha nikashika simu.

Katika simu hiyo nilikuta mafunzo ya wazazi ambayo mtu anafuata peke yake, somo kwa somo. Nilinunua mega, nikajifunza usiku umeme uliporudi. Mwaka 2018, OMS, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wenye mambo 5 anayohitaji mtoto mdogo: afya nzuri, chakula cha kutosha, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemwitikia. Yale 4 niliyajua. La mwisho lilinikamata.

Kumwitikia mtoto ni hivi: unamtazama, unangoja afanye kitu, sauti, mkono ao macho. Kisha unamjibu, na unangoja tena. Hata kabla ya kujua neno moja, anajifunza kwamba akiita, kuna mtu.

Siku moja nilikuwa nikisikiliza somo hilohilo, mtoto akiwa magotini mwangu. Wakasema tutazame macho ya mtoto. Nikashusha yangu. Alikuwa ananitazama, sijui tangu lini, kimya. Nikajiuliza: huyu ni mpole, ao amezoea kutojibiwa?

Nikaweka simu chini. Nikasema «aa», nikangoja. Kungoja ni kazi ngumu kwa mwalimu; darasani swali likikosa jibu, tunalijibu sisi wenyewe. Mwishowe naye akasema «aa». Machozi yalinitoka.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipika bukari, akacheka: «Binti yangu, ni hilo ulilonunulia mega? Sisi tuliongea na watoto mgongoni, tukienda shamba.» Ana haki. Nilikuwa nimelipoteza katika haraka zangu.

Sasa wachache kati yetu tunakutana Jumamosi. Mmoja anakuja na somo katika simu yake, tunalisikiliza pamoja dakika 10, kisha simu zote zinaingia ndani ya kikapu, na kila mama anabaki na mtoto wake. Asiye na simu hakosi kitu.

Jaribu na wewe. Ukimwosha mtoto, mwambie unachofanya, kisha nyamaza umpe zamu yake. Na kama hashtuki kwa kelele ao hafuati uso wako kwa macho, usingoje, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Binti yangu si mpole tena. Anaita asubuhi hata usiku. Majirani wananung'unika kidogo, mimi naitika.