Likizo Isiyo na Zawadi

Kila nilipofika dirisha la uhamiaji, afisa alisoma pasipoti yangu, akanitazama, akacheka. Mahali pa kuzaliwa: Mafia. Wengine waliwaita wenzao waje waone. Maelezo yangu nilikuwa nayo tayari: ni kisiwa cha Tanzania, kinatazamana na delta ya Mto Rufiji, mji wake unaitwa Kilindoni, na yale magenge ya Italia hatujawahi kuyaona. Miaka sita niliyoishi Ghuba, mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kabisa kuhusu kwetu.

Nilikwenda huko mwaka 2014, kurusha ndege za shirika moja ambalo jina lake nalihifadhi. Kabla ya hapo nilikuwa narusha ndege ndogo, Cessna Caravan, kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, Kilwa na Selous. Na kabla ya hapo, Baba aliuza shamba la minazi la Kirongwe ili niende Afrika Kusini kusomea leseni. Fedha za shamba hazikutosha, benki ikamalizia.

Watu wakisikia rubani wa Ghuba wanawaza hoteli. Hoteli zipo, sikatai. Lakini unalala mchana, pazia limefungwa, unaamka saa nane usiku na kwanza unajiuliza uko mji gani. Idi nimesali peke yangu chumbani, sijui mara ngapi. Mwenzako wa chumba cha marubani leo ni Mbrazili, kesho Mkorea. Mnakaa bega kwa bega usiku kucha na roho za watu zaidi ya 300 nyuma yenu, kisha hamwonani tena mwaka mzima. Kila miezi sita unaingia kwenye simuleta, unazimiwa injini, unawashiwa moto, na mtahini amekaa nyuma yako na kalamu yake. Viza imeshikwa na mwajiri, na nyumba unayolala ni yake. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kusaini mkataba, ila mtu akilipwa vizuri hapendi kulifikiria.

Baba alifariki Novemba 2017. Nilikuwa angani, simu imezimwa. Nilipoiwasha Frankfurt nilikuta ujumbe 19. Wa kwanza ulisema Mzee amezidiwa. Wa mwisho ulisema tumesharudi kutoka makaburini. Kwetu maiti haiwekwi ikangoja mtu, na sikutaka ingoje. Nilikaa ndani ya basi la wafanyakazi, begi katikati ya miguu, hadi dereva akaja kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Wiki tatu baadaye nikapangiwa safari ya usiku kwenda Johannesburg. Usiku ule tulishuka na pwani ya Afrika Mashariki, hakuna wingu hata moja. Dar es Salaam ilikuwa inawaka yote. Kusini yake giza, kisha baharini nikaona vitaa vichache, vya kuhesabika. Kilindoni. Tulikuwa futi 38,000. Nikamsomea Baba Fatiha kwa sauti ya chini. Kepteni akageuka akaniuliza nimesema nini, nikamjibu naangalia hali ya hewa.

Machi 2020 corona ilianza kufuta safari, moja moja, kisha kwa mafungu. Juni niliitwa kwenye kikao cha mtandaoni pamoja na wenzangu wengi, kikaisha kabla chai yangu haijapoa. Tulipewa mwezi mmoja wa kuondoka. Niliuza gari kwa bei ya kutupa, nikauza kitanda, na mafao karibu yote yakaishia benki. Nilitua Dar es Salaam Agosti na masanduku mawili, nikashuka hadi bandari ya Nyamisati, nikapanda boti kwenda nyumbani kama mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanitia aibu kuliko kufukuzwa. Nilidanganya. Barazani, kwenye kahawa, nilisema niko likizo. Watoto waliniita Kepteni, nami sikuwahi kuwa kepteni, nilikuwa na mistari mitatu begani. Mama hakusema kitu. Wiki ya tatu, ananipakulia wali na mchuzi wa pweza, akauliza bila kuniangalia: "Likizo gani hii, mwanangu, isiyo na zawadi?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Oktoba ndipo msimu wa papa potwe unapoanza, hadi Machi, ingawa mwaka ule wageni walikuwa haba. Mjomba alikuwa na mashua ya kuwapeleka kuwatazama, akanichukua. Kazi yangu ilikuwa kukumba maji. Siku moja nikamlalamikia kwamba mtu niliyerusha ndege ya tani 350 leo nashika kopo. Mjomba ni mtu wa historia. Akanikumbusha kwamba mwaka 1915 Waingereza walitengeneza uwanja hapa hapa Mafia, wakarusha ndege za kuelekeza mizinga ya meli zao hadi Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imejificha Rufiji, ikaisha. "Ndege Mafia hazikuanza na wewe," akasema, "wala hazitakwisha na wewe. Kumba maji."

Ilinichoma, lakini usiku ule nililala usingizi wa kweli.

Nikaamua kurudi kurusha ndege. Leseni ilichukua muda: daktari, mtihani wa sheria za anga, karatasi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kisha kutafuta wa kunipa kiti. Aliyenipa ni kijana niliyewahi kumfundisha kutua Kilindoni enzi uwanja haujatiwa lami. Sasa yeye ndiye alikuwa ananikagua. Nilipotua mara ya kwanza niliinua pua ya ndege mapema mno, mkono bado unadhani uko juu ya magurudumu ya ndege kubwa. Hakucheka. Alisema, "Shusha kidogo, kaka."

Kwenye Caravan rubani hupima mizigo, hubeba mabegi, hufunga mlango mwenyewe. Mwisho kilo 15, na kila siku yuko bibi mwenye kapu la kilo 20 na maelezo ya kutosha. Napangwa safari ya Mafia mara kadhaa kwa wiki. Ni kama nusu saa tu. Ijumaa nikilala kisiwani napita makaburini kwanza.

Deni la benki nililimaliza Machi 2024. Aliyenunua shamba la Kirongwe hataki kuliuza. Nimemwendea mara mbili.