Maji ya Mvua ni Tahuri, Je, Tangi Lako?



Ndugu msomaji, maneno haya nayaandika kutoka Mabwerebwere, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Mimi kwa kuzaliwa ni mtu wa pwani, lakini miaka mingi sasa nasomesha watoto madrasa huku bara. Masika yetu huingia Machi na kwisha Mei. Vuli huja kwa mapande mwishoni mwa mwaka. Na baina ya Juni na Oktoba mvua huwa nadra sana. Kwa hiyo kila mwenye bati juu ya nyumba yake hutega maji ya paa, iwe kwa tangi, kwa pipa au hata kwa sufuria. Hilo ni jema. Lakini limeniletea swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko maswali ya mirathi na talaka.

Huniambia: “Maalim, maji haya yametoka kwa Mungu, hayakupita mtoni wala kisimani. Kuyachemsha na kuyatia dawa, je, si kumtilia shaka Yeye aliyeyateremsha?”

Swali hili si la kuchekwa. Anayeliuliza analiuliza kwa imani, na imani yake ina msingi. Katika Suratul Furqan Mwenyezi Mungu Mtukufu ameyaita maji ya mvua tahuri, na katika Suratu Qaf ameyaita yenye baraka. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) ilipomkuta mvua alifunua sehemu ya nguo yake ili imguse mwilini. Basi mtu aliyelelewa juu ya mafunzo haya akisikia bwana afya anasema “maji ya mvua yanaweza kukuua”, moyo wake hukataa. Nami nataka kuonesha kwamba mafunzo haya na maneno ya bwana afya hayagombani hata kidogo, maadamu tunajua kila moja linazungumzia nini.

Kwanza tukumbuke kwamba kutega maji ya paa si jambo lililoletwa jana na wenye matangi ya plastiki. Al-Kaaba yenyewe ina mfereji wa paa, nao ni Mizabu, umwagao maji ya mvua ndani ya Hijri Ismaili. Pale Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, mna birika la kukusanyia mvua, kwa sababu maji ya kisima cha humo yalikuwa ya chumvi, hayanyweki. Na aliyefika Lamu ameona mabirika ya misikiti na ya majumbani ambamo wazee waliweka samaki wadogo. Samaki wale hawakuwekwa kwa pambo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu walikuwa wakisali sala tano na kumtegemea Mwenyezi Mungu kuliko sisi, na bado walijua kwamba maji yaliyosimama hutaka mlinzi. Hakuna aliyewaambia kwamba kuweka samaki birikani ni upungufu wa imani.

Sasa nitakupa habari iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa vuli, aliugua mtoto wa jirani zangu, wa kike, hajatimiza miaka miwili. Alihara na kutapika siku mbili, na alfajiri ya siku ya tatu tukaitwa kumzika. Kaburi la mtoto ni fupi, lakini hakuna lililo zito kuliko hilo kulifukia. Baba yake alisema, “Ajali imefika,” nasi tukaitikia, kwani ndivyo ilivyo na ndivyo tunavyoamini.

Matanga yalipokwisha, bibi yake yule mtoto alinijia barazani akaniuliza, “Maalim, tumekosea wapi?” Nikamwambia, “Mama yangu, ajali ni ya Mungu, hiyo haina mjadala. Lakini wale wajukuu wawili waliobaki ni amana mkononi mwako hata saa hii. Twende tukaangalie maji wanayokunywa.” Pipa lao lilikuwa chini ya upenu, wazi, halina mfuniko. Tulilipindua mimi na mwanawe jioni ile. Chini yake palitoka tope jeusi la majani yaliyooza, kinyesi cha popo na ndege, na mifupa ya mjusi. Hiyo ilikuwa takataka ya kiangazi kizima iliyokaa juu ya bati, na mvua ya kwanza ikaikokota yote ikaiingiza ndani. Mimi si tabibu, wala siwezi kuapa kwamba ni maji yale yaliyomwondoa mtoto. Nasema tu kwamba hakuna mtu pale ambaye, baada ya kuliona tope lile, angemnywesha mwanawe tena.

Na sasa turudi kwenye ilimu. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wametufundisha kwamba maji yakifikia kulatayni, yaani kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, tamu au harufu. Basi mtu huangalia tangi lake la lita 1,000, akaona maji meupe yasiyo na harufu, akasema: haya ni tahuri. Amesema kweli. Atawadhe, aoge josho, afue nguo, na sala yake ni sahihi inshallah. Lakini hukumu hiyo ni hukumu ya tohara. Haikusema kwamba maji hayo hayana maradhi. Vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo havina rangi, havina tamu, havina harufu. Maji yanaweza kuwa tahuri kwa sala na yakawa sumu kwa tumbo la mtoto, kama vile uyoga unavyoweza kuwa tohara mkononi na ukawa sumu mdomoni. Hii ni mizani miwili, na sharia imetuamrisha yote miwili: imetuamrisha tohara, na imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa muulizaji ni hili: hatuyatilii shaka maji ya Mwenyezi Mungu, tunalitilia shaka paa letu. Mvua imeshuka safi. Vumbi, moshi, kinyesi cha kunguru, majani ya mwembe ulioinamia nyumba, mkono wa mtoto uliochovya kopo, vyote hivyo havikutoka mbinguni. Kuyasafisha ni kuirudisha amana katika hali aliyotupa mwenyewe.

Basi ifanyweje? Nitayasema kwa mpango, ili mama wa nyumba na kijana wake waweze kuyatenda bila ya kumwita fundi mkubwa.

Paa liwe la bati au vigae. La makuti au nyasi halifai kwa maji ya kunywa, wala bati lililopakwa rangi yenye risasi. Matawi yaliyolielekea yakatwe. Mifereji ya paa iwe na mteremko, isituamishe maji, na ifagiliwe kabla ya kila msimu. Mdomo wa bomba liingialo tangini ufungwe wavu mwembamba.

Maji ya mwanzo yasiingie tangini. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Kwa hiyo milimita moja hadi mbili za kwanza, zioshazo uchafu, ni lita 50 hadi 100 hivi, yaani ndoo tano za lita 20 kwa wingi wake. Geuza bomba, maji hayo yaende bustanini au yafulie, kisha lirudishe. Usisikitike kuyaacha, kwani mvua ya milimita 25 juu ya paa hilo hilo ni lita 1,200, na ukiondoa moja ya tano ya kupotea bado unapata lita 960.

Tangi liwe na mfuniko usiopitisha mwanga wala mdudu, maana mwanga huotesha ukoga. Tundu la kutolea maji yaliyozidi nalo lifungwe wavu. Asiyeamini hatari ya mbu wa matangini awaulize watu wa Dar es Salaam homa ya dengi ilivyowasumbua mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake, mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana, hupenda sana maji safi yaliyosimama majumbani mwetu. Bilula iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope lisitoke nayo. Na kila mwaka, kabla ya mvua, tangi lisuguliwe na kusuuzwa.

Ama maji ya kunywa, hayo yanataka hatua moja zaidi. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja. Asiye na kuni au mkaa wa kutosha atie dawa ya maji iuzwayo dukani, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Dawa ya kufulia ya klorini ya asilimia 5 au 6, isiyo na manukato wala rangi, hutosha pia: matone mawili kwa lita moja ya maji meupe, kisha asubiri nusu saa. Asiye na hata hayo, ajaze chupa ya plastiki nyeupe isiyozidi lita mbili, ailaze juu ya bati kwenye jua kali saa sita. Siku za mawingu, siku mbili. Kisha maji yakae katika mtungi uliofunikwa, na yatekwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe alichonywea mtu. Kufunika vyombo usiku ni mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) tangu kabla ya mtu yeyote kukiona kijidudu kwa darubini.

Hapa nimeulizwa pia: “Je, dawa ikitiwa, maji yanabaki tahuri?” Naam, yanabaki. Maji yakichanganyika na kitu tohara, mchanganyiko mdogo usioyaondolea jina la maji, hayatoki katika utahuri wake. Aonaye kikombe cha maji yaliyotiwa matone mawili ya klorini hasemi “hii ni dawa”, husema “haya ni maji”. Atawadhe kwayo bila ya wasiwasi.

Limebaki jambo la kipimo na jambo la jirani. Nyumba ya watu sita, ikitumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia tu, kwa siku 150 za kiangazi inahitaji lita 3,000. Nyumba nyingi hazina tangi la kiasi hicho. Kwa hiyo maji ya paa yawekewe kinywa kwanza, na ya kufulia yatafutwe kwingine. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Leo vijana wetu hufungua bilula msikitini, wakatawadha huku wakizungumza, na maji ya watu kumi yakaenda na mtaro.

Na jirani? Maulamaa wamesema kwamba maji uliyoyakusanya chomboni mwako ni mali yako. Lakini tumefundishwa vilevile kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na kwamba kuzuia maji yaliyozidi haja yako ni jambo baya. Hapa Kilosa tunayo sababu ya kulikumbuka hilo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakatolewa majumbani, na reli ya kati ikakatika. Maji ya mafuriko hubeba vyoo na makaburi ya mifugo, hayo hayanyweki. Siku kama hizo lita 20 za maji yaliyofunikwa ni sadaka kubwa kuliko nyama ya ng’ombe. Na hata bila ya mafuriko, ukiona binti wa jirani anapita na ndoo kichwani wakati wenziwe wako madrasa wanasoma, jua kwamba bilula yako inaweza kumrudishia juzuu yake.

Hata huko Bermuda, visiwa visivyo na mito, sheria inawalazimu watu wajenge nyumba zenye mapaa ya kukusanya mvua na matangi ya kuihifadhi, na mapaa hayo hupakwa rangi nyeupe. Ikiwa wao wanafanya hivyo kwa amri ya serikali yao, sisi tuna amri iliyo kubwa zaidi. Katika Suratul Muuminun Mola wetu ametukumbusha kwamba maji ameyateremsha kwa kipimo, na kwamba ni muweza wa kuyaondoa. Kinachoteremshwa kwa kipimo kitaulizwa kwa kipimo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nawe dada yangu, kabla ya mvua ijayo panda ngazi ulitazame paa lako. Mola atujaalie mvua yenye manufaa, na atujaalie mikono ya kuitunza.

Wabillahi tawfiq.