Mpira wa Raki

Magari mengi yanayoingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi kupitia Sitalike hayana kitu ninachotaka kukieleza. Land Cruiser za watalii, zile za familia ya 70, zina eksili nzima mbele na boksi la stelingi. Gari letu lilikuwa Prado ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyokwisha kutumiwa na miradi mingine kabla ya wetu, na Prado hiyo ina raki: chuma kirefu chenye meno, kimelala mkingamo chini ya injini, kinakwenda kushoto na kulia kila unapozungusha usukani. Kila ncha ya raki imevalishwa mpira wenye mikunjo, kama shingo ya ule mrija wa juisi unaopinda. Mafundi wanauita buti.

Nilikwenda Sitalike kuhesabu viboko kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mwisho wa kiangazi mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko hubanana humo wakigombana na kunuka. Wengine unawaona ukiwa umesimama kijijini tu, pale darajani. Nilikuwa na siku 10 za kibali, na mvua za Novemba zilikuwa zinanusa. Udongo mweusi wa mbuga ya Katisunga ukishanyeshewa hauna mjadala na gari lolote.

Dereva wetu ana umri wa baba yangu na ndivyo nilivyomwita, Baba. Asubuhi ya pili, kabla ya chai, alizungusha usukani mpaka mwisho, akazima injini, akatandika gunia na kuingia chini. Kisha akaniita.

"Njoo ushike hapa."

Usukani ukifika mwisho, mpira wa upande mmoja hunyooka na wa pili hujikunja. Ule ulionyooka ndio unaokaguliwa, maana ufa hujificha ndani ya mikunjo. Magurudumu yakiwa yameelekea mbele unaweza kuutazama mpira huo mwaka mzima na kuuona mzima. Nilipitisha kidole kwenye kila bonde. Katika mkunjo wa tatu kidole kilizama.

"Sasa uminye."

Niliminya. Likatoka vumbi laini kama unga wa muhogo. Baba akashusha pumzi, na nikashangaa, kwa sababu mimi niliona habari mbaya. Kumbe alikuwa akiogopa mafuta. Mafuta ya stelingi yakitoka kwenye buti, sili ya ndani imeshakufa, na hapo huzungumzii mpira tena, unazungumzia raki nzima. Vumbi kavu maana yake ni kwamba bado mapema.

Alinieleza jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile: buti linapumua. Raki ikienda upande mmoja, mpira unavuta hewa, ikirudi unaitoa. Ukiwa mzima, hewa hiyo inazunguka ndani kwa ndani. Ukichanika, kila kona unayokata unavuta vumbi la barabara, na ukivuka maji unavuta tope. Vumbi hilo linakaa kwenye grisi, linakuwa kama msasa, linaanza kula sili na ile gololi ya raki endi. Halina haraka. Linaweza kuchukua miezi.

Kwa sababu halina haraka, ugomvi ukaanza. Fundi mmoja pale kijijini, kijana mwenye mikono ya uhakika, alikagua akasema atafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli na waya, kazi ya nusu saa. "Mzee, hii inawapeleka hata Sumbawanga na kuwarudisha." Nadhani alikuwa sahihi. Buti lenyewe hakuwa nalo, wala duka lolote pale halikuwa nalo, na sababu ni hizo hizo Land Cruiser: nani aweke spea ya gari ambalo halipiti?

Baba alikataa. Kila asubuhi kulikuwa na fomu ya kujaza kabla ya safari, na chini kabisa kuna mstari unaosema gari limekaguliwa na ni salama, halafu sahihi ya dereva. Si ya mtafiti, si ya mratibu. Alinyoosha kidole kwenye mstari huo.

"Raki ikifa mwezi wa tatu, watafungua faili hili. Watakuta nilijua."

Nilimpigia mratibu. Akauliza, "Mpira tu?" Kisha akasema tuendelee na kazi, dereva atumie busara. Maneno hayo, ukiyapima, yanamwachia dereva lawama yote na kumnyang'anya uamuzi. Nilimwambia mratibu kwamba gari halitoki siku hiyo, na kwamba andiko hilo litoke kwangu. Nikamtumia ujumbe ili ubaki.

Buti zilipatikana Mbeya, jozi shilingi 30,000. Nikatuma hela kwa simu, zikapakiwa kwenye basi la Mpanda, na kwa kuwa basi hilo linapita Sitalike, konda alinikabidhi kifurushi barabarani bila hata abiria kushuka. Siku mbili zilikuwa zimekwenda.

Kazi yenyewe fundi aliifanya chini ya mwembe, nami nikishika tochi na daftari. Kulegeza nati ya kufungia kabla ya kitu kingine. Kuchomoa pini, kutoa nati ya tairodi endi, kisha kupiga nyundo ubavuni mwa mkono wa gurudumu, si juu ya bolti, mpaka ncha iachie yenyewe. Halafu akaanza kuifungua kwa mkono huku akihesabu mizunguko kwa sauti, na kwa mazoea ya kazi yangu nikaandika: 17, kushoto. Mizunguko hiyo ikipotea, magurudumu hayatazamani tena sawasawa na tairi zinalika upande. Akakata klipu za zamani, akavua mpira, akafuta raki kwa kitambaa safi mpaka ikang'aa, akapaka grisi mpya. Baba aliinama akaichunguza ile sehemu ya kung'aa kwa muda mrefu. Haikuwa na mkwaruzo.

"17," fundi aliniuliza alipokuwa akirudisha, "au 18?"

"17."

Wa kulia ulikuwa mzima, lakini tuliubadilisha pia, kwani jozi ilikuwa imeshalipiwa. Baba akaendesha taratibu kwenye kipande kilichonyooka, akaachia usukani kidogo. Gari likaenda mbele. Akasaini fomu.

Tulifanya siku nane, ndorobo wakituuma hata juu ya jinzi, na mvua ya kwanza ikatukuta tukiwa tumeshatoka. Katika sura ya mbinu za utafiti nimeandika siku nane badala ya 10. Msimamizi wangu ameniomba niweke sababu, akapendekeza "hitilafu ya gari". Nimeandika kwamba dereva alilisimamisha gari baada ya ukaguzi.

Zile 30,000 bado sijarudishiwa. Ofisi ilisema risiti ya mkono haikubaliki, wanataka ya EFD. Nimepeleka maombi mara ya pili, nikaambatisha ile fomu yenye sahihi yake.